Siku Zile na Siku Hizi: Somo juu ya Kuukumbuka Ujana



Wazee wakutanapo wawili watatu, barazani, au mlangoni pa kanisa baada ya ibada, au msibani, mazungumzo yao hayakawii kufika mahali pamoja. Mmoja husema, "Siku zile, bwana!" na wenzake hutikisa vichwa kwa kukubali. Hutajwa barua zilizongojewa mwezi mzima, redio moja iliyosikilizwa na majirani wote, taa ya chemli, gari moshi la usiku, na mwendo wa miguu hata shuleni. Kisha hutazamwa vijana walioketi pembeni wakiinamia simu zao, na mzee mmoja husema, "Hawa watoto wa leo hawajui kitu." Vijana husikia, hunyamaza, nao huzidi kuinama.

Katika somo hili twataka kuyachunguza maneno hayo. Hatutaki kuwacheka wazee, wala hatutaki kuwakemea vijana. Twataka kuuliza maswali matatu. Huzuni hii ya kuukumbuka ujana ni kitu gani? Siku zile zilikuwaje kwa kweli? Na mwenye kuzikumbuka afanye nini na kumbukumbu zake? Jambo hili si dogo. Kila mwaka wazee huondoka duniani na habari ambazo hazikuandikwa popote. Na wajukuu ambao wangezipokea huketi nyumba ile ile, lakini hawajaambiwa kwa namna ambayo mtu aweza kuipokea.

1. Huzuni iliyopewa jina

Kiswahili hakina neno moja lililo la huzuni hii peke yake. Twasema "kukumbuka enzi". Na nyimbo za dansi za zamani twaziita "zilipendwa". Neno hili la pili linafaa kuangaliwa. Halisemi kwamba nyimbo hizo zilikuwa nzuri kuliko nyingine. Lasema kwamba zilipendwa. Yaani latuambia habari za moyo uliopenda kuliko habari za kitu kilichopendwa.

Huko Ulaya huzuni hiyo ilipewa jina mwaka 1688. Katika Chuo Kikuu cha Basel, nchi ya Uswisi, kijana mmoja mwanafunzi wa uganga, Johannes Hofer, aliandika juu ya maradhi aliyoyaona kwa watu waliokaa mbali na kwao, na miongoni mwao walikuwa askari wa Kiswisi waliopigana kwa mshahara katika nchi za wageni. Aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya kurudi nyumbani, na la pili lenye maana ya maumivu, akaliunda jina nostaljia. Alisimulia habari za mwanafunzi mmoja wa Bern aliyeugua huko Basel hata watu wakamkatia tamaa. Naye alipoanza tu safari ya kurudishwa kwao, akaanza kupata nafuu. Basi kwa Hofer dawa ilikuwa hiyo: mgonjwa arudishwe nyumbani.

Mwaka 1798 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, aliligusa jambo hilo hilo, naye akaona mbali zaidi. Alieleza kwamba watu wa namna hiyo warudipo kwao huvunjika moyo, na kwa kuvunjika huko hupona. Hudhani kwamba kijiji kimebadilika. Lakini kwa kweli hawakukitamani kijiji; waliutamani ujana wao walioupitisha pale, nao hauwezi kurudishwa. Wahenga wetu walilisema hilo kwa maneno machache: Ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Hili ndilo fundisho la kwanza. Kama kesho mtu angeturudishia taa ya chemli, na barua yenye stempu, na redio ya mbao, na behewa la daraja la tatu, magoti yetu yasingepata nguvu tena, wala wenzetu waliotangulia wasingerudi kuketi nasi. Chombo chaweza kununuliwa sokoni hata leo. Kilichokifanya kiwe kitamu hakiuzwi.

2. Kwa nini miaka ile hung'aa

Yafaa tujue pia jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Tangu miaka ya 1980 wachunguzi wa mambo ya akili wameona jambo ambalo hurudia tena na tena. Watu waliopita miaka 40 wakiombwa kusimulia mambo ya maisha yao, mengi wanayoyatoa, ukiacha yale ya karibuni, ni ya umri wa tangu miaka 10 hata 30. Miaka ya katikati, ambayo mtu alifanya kazi nyingi na kulea watoto, hutoa machache.

Sababu moja inayotajwa ni hii: katika umri ule mambo mengi hutokea kwa mara ya kwanza. Mtu huikumbuka safari yake ya kwanza ya gari moshi. Ya arobaini haikumbuki. Huukumbuka mshahara wake wa kwanza, na alichokinunua, na alivyompelekea mama yake kitenge. Mshahara wa miaka ishirini baadaye ulikuwa mkubwa zaidi, lakini umepotea katika akili kama maji mchangani.

Tena, mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya nostaljia. Waliona kwamba katika habari ambazo watu huzikumbuka kwa uchungu mtamu, mara nyingi msimulizi yumo pamoja na watu aliowapenda. Waliona pia kwamba hali hii huja hasa mtu anapokuwa na huzuni au upweke. Na baada ya kukumbuka, mtu hujiona amependwa, na moyo wake hupata nguvu.

Basi mzee asemapo, "Naikumbuka redio ile," tusikilize vema. Huenda anasema, "Naikumbuka baraza ile, na fulani na fulani waliokuwapo, na leo mimi ni mpweke." Kumjibu kwamba redio za siku hizi ni bora zaidi ni kumjibu asiloliuliza.

3. Barua, redio na simu

Na tuziangalie sasa siku zile zenyewe, hasa katika nchi ya Tanzania.

Huko vijijini posta haikupeleka barua nyumba kwa nyumba. Barua ilikwenda kwa sanduku la shule, au la misheni, au la duka, na kutoka hapo ilichukuliwa na mtu. Majina yalisomwa mbele ya watu, na aliyeitwa alijulikana kwa wote kuwa ana barua. Kama hakujua kusoma, alimwita mtoto wa shule. Mtoto huyo alikuwa karani wa mtaa. Alisoma habari za madeni na za mahari na za magonjwa, akajifunza mapema kwamba si kila alilolisoma ni la kusimulia. Barua yenyewe ilianza kwa salamu, na salamu zilichukua nusu ya karatasi: baba mkubwa, shangazi, mama mdogo, jirani wa upande huu na wa upande ule, kila mmoja kwa jina lake. Barua moja ilikuwa mali ya watu kumi.

Redio nayo ilikuwa hivyo hivyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Tangu mwaka 1963 hata 1977 Walutheri wengi walisikiliza pia Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, hata serikali ya kijeshi ya Uhabeshi ilipoutwaa mtambo ule. Na vipindi vya Kiswahili vilikuwa vikitayarishwa huko Moshi. Mwenye redio hakuwa msikilizaji peke yake. Jioni majirani walikuja na vigoda vyao. Betri zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo. Yalipofika matangazo ya vifo, watoto walinyamazishwa na hakuna aliyesema neno, maana jina lolote laweza kuwa la ndugu.

Kisha mambo yakaja upesi. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, na mwaka ule ule simu za mkononi zilianza kutumika. Mwaka 2007 nchi ya Kenya ilianza kutuma fedha kwa simu, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Mwaka 2009 waya mkubwa wa intaneti uliolazwa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam na Mombasa. Mwisho wa mwaka 2022 laini za simu zilizotumika Tanzania zilipita milioni 60, na hesabu ya watu ya mwaka huo ilikuwa 61,741,120. Si kwamba kila mtu anayo simu, maana wengi wana laini mbili au tatu. Lakini mtu aliyezaliwa mwaka 1955 ameyaona yote haya katika maisha yake mmoja. Mtoto aliyesomea majirani barua sasa ni bibi anayemwona mjukuu wake wa Ulaya katika kioo cha simu. Si ajabu moyo wake ukichelewa kidogo nyuma ya macho yake.

Hata neno "simu" lenyewe limesafiri. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Hapo kale watu wetu waliita simu ile habari fupi iliyopita katika waya wa posta. Baadaye ikawa chombo cha kusemea. Na leo twaita simu kitu kisicho na waya kabisa. Jina limebaki, kitu kimebadilika mara tatu, wala hakuna aliyekufa kwa hilo.

Sasa tuulize, ni nini kilichopotea? Ukiangalia habari za barua na za redio utaona kwamba zafanana. Vyombo vilikuwa vichache, kwa hiyo watu walikuwa pamoja. Barua ilihitaji msomaji. Redio ilihitaji baraza. Fedha za kutuma zilihitaji msafiri mwaminifu, naye alifika na fedha pamoja na salamu, akala chakula, akasimulia ya mjini. Uchache wa vyombo ulitulazimisha kukaana. Leo chumba kimoja chenye watu watano kina simu tano, na kila mtu yu katika nchi yake.

Hapa ndipo neno kuu la somo letu: zamani tulikaa pamoja kwa kulazimika, siku hizi yatupasa kukaa pamoja kwa kuchagua. Tukingoja tulazimishwe tena, tutangoja bure. Na tukisema kwamba upendo wa zamani ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, huenda twajisifu kwa jambo ambalo hatukulichagua.

4. Nani aliyebeba mzigo?

Liko swali lingine ambalo kila mwenye kusifu siku zile hana budi kujiuliza: katika siku zile, mzigo ulikuwa kichwani pa nani?

Mwanamume husifu ugali wa unga uliotwangwa kwa kinu. Ni kweli, ulikuwa mtamu. Lakini amwulize dada yake aliyeamka kabla ya jogoo kuutwanga, akaenda mtoni kwa maji, akarudi, ndipo akaenda shule akisinzia, kama alipata kwenda. Yeye huzikumbuka nyimbo za kinuni kwa furaha, maana alikuwa na wenzake. Lakini mashine ya kusaga ilipofika kijijini, hatujasikia kwamba wanawake waliikimbia. Walipanga foleni.

Vivyo hivyo na barua. Twazisifu kwa kuwa zilikuja polepole. Lakini iliyokuja polepole yaweza kuwa barua ya kwamba mama ni mgonjwa, na mwana akafika siku ya tatu baada ya maziko. Huyo asingeusifu mwendo wa posta.

Na watoto je? Katika uchunguzi wa afya wa Tanzania wa miaka 2004 na 2005, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu ilikuwa 43. Bado ni wengi, na kila mmoja ana mama yake. Lakini tofauti ya hesabu hizo ni watoto wanaocheza leo. Hatusemi kwamba simu ndiyo iliyowaponya. Chanjo, vyandarua, dawa na zahanati zimefanya kazi kubwa. Twasema tu kwamba mabadiliko huja kwa fungu, na asemaye "siku zile zirudi" haruhusiwi kuchagua redio na baraza na kuyaacha makaburi madogo.

Hata fedha za simu, ambazo wengine huziona kuwa anasa, zimechunguzwa. Mwaka 2016 Tavneet Suri na William Jack walieleza kwamba huko Kenya njia hii ilikuwa imezitoa kaya zipatazo 194,000 katika umaskini mkubwa, na faida ilionekana zaidi katika nyumba zinazoongozwa na wanawake. Msafiri mwaminifu wa zamani alikuwa mtu mwema. Lakini hakuwa na safari kila siku, wala wasafiri wote hawakuwa waaminifu.

5. Abate aliyesifu mkono akaenda kwa mpiga chapa

Mashaka juu ya vyombo vipya si ya leo. Sisi Walutheri tunalo jambo la kutukumbusha, maana mafundisho ya matengenezo ya kanisa yalienea kwa mashine ya kupiga chapa. Luther alipotoa Agano Jipya la Kijerumani mwezi Septemba 1522, vitabu vilitoka mashineni.

Lakini miaka 30 kabla ya hapo, mwaka 1492, Johannes Trithemius, abate wa nyumba ya watawa ya Sponheim, aliandika kitabu cha kuwasifu wanakili, yaani watu waandikao vitabu kwa mkono. Aliona kwamba kazi hiyo itakufa kwa sababu ya mashine. Alisema kwamba ngozi yenye maandiko hudumu sana kuliko karatasi iliyopigwa chapa; na kwamba mtawa anakilipo maneno kwa mkono wake, maneno hayo humwingia moyoni, tena kazi humwepusha na uvivu. Na kitabu chake hicho, mwaka 1494, kilipigwa chapa katika mji wa Mainz, mji ule ule wa Gutenberg!

Tusimcheke. Kwa habari ya mashine, hakuweza kuizuia, naye mwenyewe aliitumia. Lakini jambo moja aliliona sawasawa: neno liandikwalo kwa mkono na kwa utulivu hukaa katika akili. Hilo ni kweli hata leo, na mwalimu yeyote alijua. Basi mashine ilishinda, na fundisho lilibaki. Abate angalikuwa na hekima zaidi kama angalisema, "Mashine na ije, lakini tutafute saa ya kuandika kwa mkono."

Hivyo twajifunza kutenga manung'uniko na onyo. Manung'uniko husema, "Siku hizi kila kitu kimeharibika." Onyo hutaja kitu: kijana huyu amekopa kwa simu mara tatu na kulipa hawezi, mwingine amecheza kamari ya mpira akamaliza ada ya shule, habari ya uongo imepita katika kundi la simu na kuharibu jina la mtu. Haya ni mambo ya kweli, nayo yataka wazee wenye macho. Lakini mzee aliyenung'unikia kila kitu, hata siku aonyapo kwa haki, hasikilizwi tena.

6. Sauti mbili penye msingi mmoja

Katika kitabu cha Ezra, sura ya 3, iko habari inayolihusu jambo letu. Hekalu la Sulemani lilikuwa limebomolewa na Wababeli, na watu wakachukuliwa mateka. Baada ya miaka mingi baadhi yao walirudi, wakauweka msingi wa nyumba mpya. Wengi walipaza sauti kwa furaha. Lakini wazee, ambao macho yao yaliiona nyumba ya kwanza, walilia kwa sauti kuu. Hata watu hawakuweza kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio, na kelele zao zilisikiwa mbali.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, habari hii haiwalaumu wazee kwa kulia. Walikiona kitu ambacho vijana hawakukiona, na machozi yao yalikuwa ushahidi. Pili, hatusomi kwamba wazee waliwaamuru vijana waache kujenga, wala kwamba vijana waliwaambia wazee wanyamaze. Sauti zote mbili zilipanda pamoja penye msingi ule ule. Nyumba yenye sauti moja tu, ama ya kilio, ama ya shangwe, imepungukiwa.

7. Basi tufanye nini?

Kwa wazee twasema hivi. Simulieni, wala msilinganishe. Masimulizi yaanzayo na "Ninyi wa leo..." hufunga masikio, masimulizi yaanzayo na "Siku moja tulipokuwa..." huyafungua. Semeni pia yaliyokuwa machungu: njaa, viboko, ndugu aliyekufa kwa kukosa dawa. Kijana akisikia mazuri matupu, hudhani anadanganywa. Akisikia yote, huamini yote. Tena, msione haya kujifunza. Mwambie mjukuu akufundishe kutuma picha, mara nyingi saa ya kufundishwa huwa saa ya kuulizwa, "Babu, ninyi mlifanyaje?" Mlango ni huo.

Kwa vijana twasema hivi. Mnayo mfukoni mashine ya kunasa sauti ambayo katika ujana wa babu zenu ilikuwa mali ya nyumba za redio. Itumieni. Mketisheni bibi Jumamosi, mwulize majina ya wazazi wa wazazi wake, na nyimbo za kinuni, na habari ya barua asiyoisahau. Msingoje awe mgonjwa. Simu ile ile inayolaumiwa kwa kuwatenga wazee na wajukuu yaweza kuwa daraja lao.

Na kwa wote twasema: wekeni mambo mahali pa kudumu. Tunao mfano mwema. Shaaban Robert, mshairi wetu mkuu aliyefariki mwaka 1962, alimwandikia ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, barua tangu mwaka 1931 hata 1958. Ndugu huyo alizitunza, na baadaye zikapigwa chapa kuwa kitabu. Ndiyo sababu twaweza kumjua mtu yule akiwa kaka, wala si mshairi tu. Hakuna aliyemwamuru Yusuf Ulenge kuzitunza, alizipenda. Sisi twaandikiana kila siku kuliko wao. Lakini simu ikianguka majini, maneno ya miaka mitano huenda nayo. Yaliyo ya thamani yaandikwe katika daftari, pamoja na tarehe na jina. Daftari halihitaji kuchajiwa.

Mwisho, kila nyumba ichague saa yake. Hapo kale redio ndiyo iliyotuita barazani. Sasa hakuna kituitacho, basi tuitane wenyewe. Nyumba moja yaweza kuweka chakula cha jioni kuwa wakati ambao simu zote hulala juu ya kabati, ya baba ikiwa ya kwanza. Nyingine yaweza kuchagua Jumapili alasiri. Saa moja kwa juma ni ndogo; lakini watoto waliokaa katika saa hiyo, siku moja watazeeka, nao wataketi wawili watatu na kusema, "Siku zile, bwana!" Watakumbuka nini? Hilo latutegemea sisi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Taja kitu kimoja cha ujana wako unachokikumbuka sana. Je, unakikumbuka kitu chenyewe, au watu waliokuwa nawe?

2. Katika siku hizo unazozisifu, nani alibeba mzigo? Kama yu hai, umekwisha kumwuliza alivyoziona?

3. Toa mfano mmoja wa manung'uniko na mfano mmoja wa onyo juu ya simu. Tofauti yake ni nini?

4. Vijana: ni jambo gani mngependa kuwauliza wazee wa nyumba zenu ambalo hamjawahi kuwauliza? Wazee: ni jambo gani la siku hizi mngependa kufundishwa?

5. Nyumba yako yaweza kuchagua saa gani ya kukaa pamoja? Nani atakuwa wa kwanza kuiweka simu yake kando?